Pete ya Kinywa cha Mwinyi Kondo

Namna nilivyofika nchi ya Mmezo haitamfaa msomaji, kwa hiyo sitaieleza. Inatosha kusema kwamba mimi ni fundi wa nguo, Mbaruku wa Pangani, mtu wa miaka hamsini na sita, na kwamba sikwenda kule kwa ushujaa. Niliyoyaona nitayaandika kama niliyoyaona, na niliyosimuliwa nitasema nimesimuliwa. Siwapendi wasafiri wanaorudi kwao wakaongeza chumvi, maana mambo ya Mmezo yana chumvi yake ya kutosha.

Nianze na watu. Wamezo hawaachi kukua kama tunavyoacha sisi. Kila mmoja hukua kwa kadiri ya anachokimeza, mpaka afe au amezwe. Ndiyo maana katika mtaa mmoja utamkuta mtu asiyefika gotini kwako, jirani yake ana kimo changu, na ng'ambo ya njia ameketi bwana ambaye mgongo wake umelingana na paa la ghorofa. Vinywa vyao hufunguka kuliko vyetu, na mkubwa humeza mdogo. Nasema humeza, na maana yangu ni hiyo hiyo: humwingiza kinywani mzima mzima, na habari za yule mtu zikaishia hapo. Hawatafuni. Kutafuna mtu ni kosa la kufukuzwa nchini. Walinieleza jambo hili kwa fahari, kwamba wao si wanyama.

Mambo haya yana sheria, na sheria yenyewe ni fupi. Juu ya mlango wa kila bwana hutundikwa pete ya shaba, upana wake sawa na upana wa kinywa cha mwenye nyumba. Apitaye katika pete ni riziki ya mwenye pete. Asiyepita ni salama mbele ya bwana huyo, hata kama bwana ana njaa ya mwezi mzima. Na aliye riziki ya mtu yeyote hana ruhusa ya kuwa na pete yake mwenyewe, kwa kuwa, walivyoniambia, tonge halina kinywa.

Langoni nilipitishwa kwenye pete kumi na nne, moja kwa kila bwana wa mji. Nilipita kumi na moja. Sikuwahi kujutia wembamba wangu mpaka siku ile. Karani wa Pete, aliyeitwa Vuai, mtu wa makamo mwenye adabu na wino vidoleni, aliniandika kuwa ni riziki ya kumi na mmoja, kisha akanipa karatasi ya ugeni. Mgeni hamezwi, aliniambia, maadamu mwenyeji wake yupo. Nikauliza, je, mwenyeji akimezwa? Akanijibu kwamba mgeni humfuata kesho yake, ila kwa heshima zote. Nilimshukuru kwa kunieleza, kwa sababu nililelewa hivyo.

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Siwema, mfuma mikeka, mjane wa kimo changu lakini mpana mara mbili yangu. Upana ule haukuwa wa bahati. Mwanamke yule alikula kama mtu anayejenga ukuta: uji kabla ya jua, muhogo, maharage, uji tena. Mabwana kumi na watatu hawakuwa na pete ya kumpitisha. Alibaki mmoja tu, Mwinyi Kondo, mwenye pete kubwa kuliko zote mjini. Mwaka uliopita, Siku ya Pete, siku ambayo mji mzima hupimwa, Bi Siwema alikwama kiunoni katika pete hiyo, akaandikwa riziki ya kungoja mwaka unaofuata, akarudi nyumbani akalala siku mbili kwa furaha. Mwaka huu alikuwa ameongeza unene wa kidole kila upande. Aliniambia hana wasiwasi. Aliniambia hivyo mara nyingi mno.

Nilimshonea gauni la kukaribisha mwaka, kwa hiyo nilimpima nyonga, na kipimo chake ninakikumbuka mpaka leo. Hilo ndilo lililokuja kuwa na maana, ingawa wakati ule niliona ni kazi ya kawaida. Kazi zangu nyingine zilikuwa za kushona pamba mabegani. Watu wa kimo cha kati huko hutembea na mabega ya pamba, wengine na vipande vya mbao chini ya shati, ili mabwana wakiwatazama njiani wakate tamaa. Siku ya Pete yenyewe pamba haifai kitu, kwa sababu mtu hupimwa akiwa na shuka moja tu mwilini. Lakini watu walisema inawasaidia kulala.

Nilihudhuria Baraza la mji mara tatu. Mara zote hoja ilikuwa moja: watu wa kimo cha kati wanakwisha, na mabwana wanaona njaa. Wadogo walikuwapo tele, ila bwana mzima hawezi kutoka nyumbani kwa ajili ya mtu wa shibiri mbili, safari yenyewe hairudishi jasho. Wanachuoni waligawanyika. Wa kundi la Tonge Moja walisema heshima ya mkubwa ni kumeza kimoja kikubwa na kupumzika. Wa kundi la Punje Nyingi walitaka mabwana wafunzwe kuwameza wadogo mia kwa siku. Mzee mmoja alisimama akasema kwamba katika ziwa la kaskazini yuko mkubwa kuliko wote waliomo barazani, naye hali ila vidudu visivyoonekana, anavichuja kwa meno yaliyo kama ufagio. Walimcheka mpaka akakaa. Mimi nilimwamini, ila mgeni hapigi kura.

Hakuna aliyesema kwamba watu wa kati wanakwisha kwa sababu pete zinakua. Nilimwuliza Karani Vuai jinsi pete inavyopimwa. Alinitazama kana kwamba nimemtukana. Riziki hupimwa, alisema, lakini bwana hutangaza. Bwana akisema kinywa changu ni hiki, mhunzi hufua pete ya hicho, basi. Kauli ya mwungwana haipimwi. Nikauliza kama haijatokea bwana akatangaza kinywa kikubwa kuliko alicho nacho. Akasema kitabu hakina kosa la namna hiyo, na kama lingekuwapo lingekuwa limeandikwa. Nilikaa na jibu hilo hadi jioni.

Jambo jingine ambalo sheria haikuliona ni wapambe. Hawa ni watu wadogo sana, wa kimo cha kidole gumba, wanaoishi ndani ya masikio ya mabwana. Wanakula nta na jasho, na kazi yao ni kusifu. Wanamla bwana kidogo kidogo maisha yake yote, na hakuna aliyewaita walaji, kwa kuwa Wamezo wote wanaamini kwamba mlaji daima ni mkubwa kuliko anayeliwa.

Basi Siku ya Pete ikafika. Ilikuwa asubuhi, uwanja umejaa. Bi Siwema alivua mabega yake ya pamba, akanipa nimshikie, akapanda jukwaani na shuka yake. Pete ya Mwinyi Kondo ililetwa na watu wanane. Nilipoiona nilijua kuna kitu. Shaba ilikuwa na alama mbichi ya kuunganishwa, iking'aa mahali pamoja. Karani Vuai akasoma tangazo: Mwinyi Kondo anawajulisha wote kwamba kinywa chake kimekua vidole vinne tangu mwaka jana.

Bi Siwema alisoma ile alama mbichi kabla sijaisoma mimi. Akaingia. Mabega yakapita, kifua kikapita, nyonga zikagusa shaba pande zote mbili, zikasita kidogo, halafu zikapita. Alitoka upande wa pili amesimama wima. Hakulia. Alinijia akachukua pamba zake, akazitazama, akanirudishia.

Karamu ya Kumeza ilipangwa siku ya saba. Nyumbani, Bi Siwema aliacha kula. Alikaa akafuma mkeka mmoja mpaka mwisho, akaufumua, akaanza tena. Wadogo wa jirani, ambao kila siku huja kwake mchana kwa chakula, walikuja wakakuta jiko baridi, wakakaa naye tu. Mimi niliona huruma, na niliogopa pia, kwa ajili yangu. Sitajifanya malaika: kila nilipomfikiria yeye wa siku ya saba, nilijifikiria mimi wa siku ya nane.

Siku ya tatu nikaitwa kwa Mwinyi Kondo. Alitaka kanzu mpya ya karamu, na mafundi wa kule walikuwa wamemezwa. Nilipanda ngazi mbili zilizofungwa pamoja ili nimfikie begani. Alikuwa ameketi kimya, uso mkubwa wenye mikunjo, macho chini. Kutoka masikioni nilisikia wapambe wakiimba sifa zake kwa sauti nyembamba. Nilipima mikono, nikapima kifua. Nilipofika shingoni akasema kwa sauti ya chini niiache kola iwe pana.

Nilipima shingo ile mara tatu. Mtu anaweza kumdanganya karani, na mke anaweza kudanganywa miaka, lakini fundi mwenye futi mkononi hadanganyiki shingoni. Nyonga za Bi Siwema nilikuwa nazo kichwani. Tofauti ilikuwa shibiri moja na vidole vinne. Hata kama angempitisha kinywani, jambo nililoanza kulitilia shaka, asingempitisha kooni. Angekwama pale, naye angefia pale, na Mwinyi Kondo angekufa baada yake kwa kukosa pumzi.

Niliposhuka, mkewe alikuwa chini ya ngazi. Bi Kidawa alikuwa mrefu kuliko mnazi, na aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

“Umeona, fundi,” alisema.

Nikamwambia nimeona, Bi mkubwa.

Akanieleza kwa haraka, akitazama nyuma. Pete ilikuwa ya baba yake Mwinyi, na baba mwenyewe alikuwa ameiongeza. Kila anayerithi nyumba ile huongeza kidogo, ili asionekane mdogo kuliko aliyemtangulia. Mwaka huu bwana mmoja wa safu ya pili alitangaza pete iliyokaribia yake, ndipo Mwinyi akapeleka shaba kwa mhunzi. Mwaka juzi alikabwa na ndama. Walimpiga mgongoni kwa magogo mpaka ndama akatoka. Tangu siku hiyo anakunywa uji, na watumishi wameapishwa wasiseme.

“Sitaki kuwa mjane kwa ajili ya shaba,” alisema Bi Kidawa. “Nimemwambia. Anasema akipunguza pete ataketishwa safu ya nyuma.”

Nilirudi nyumbani mbio, kwa umri wangu. Nilimwambia Bi Siwema kila kitu, nikidhani ataona mlango umefunguka. Alicheka, kicheko kibaya, halafu ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu Siku ya Pete. Alisema alikuwa amejipatanisha na kumezwa kama walivyomezwa mama yake na dada zake wawili, kwa kuwa wenye vinywa walikuwa na vinywa kweli. Lakini kufa shingoni mwa mtu ambaye hata hawezi kummeza, hilo hakuwa amejiandaa nalo. Aliona kama ameibiwa hata kifo chake.

Halafu akafuta uso, akaosha miguu, akavaa gauni nililomshonea. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema anakwenda kwa mwenye riziki yake, na mimi nifuatane naye nikiwa na futi.

Haijawahi kutokea riziki ikaenda yenyewe nyumbani kwa mlaji kabla ya siku yake. Walinzi mlangoni hawakujua la kufanya. Mmoja alifungua kitabu, mwingine akafungua mlango. Tulimkuta Mwinyi Kondo ukumbini na bakuli la uji mbele yake, bakuli ambalo mimi ningeweza kuoga ndani yake. Alitaka kulificha, akashindwa, akaliacha. Bi Kidawa alikuwa amekaa karibu naye, na niliona amemziba mumewe masikio yote mawili kwa pamba. Wapambe hawakusikika.

Bi Siwema aliomba kiti. Akaletewa kigoda cha mtoto wa nyumba, ambacho kwake kilikuwa meza, akakaa juu yake miguu ikining'inia. Ilibidi aseme kwa sauti kubwa, kwa sababu ya pamba.

“Mwinyi, mimi naogopa kufa. Sioni haya kulisema. Wewe unaogopa nini?”

Niliona mkono wa Mwinyi Kondo ukigusa shingo.

“Naogopa kuchekwa,” alisema.

“Watacheka siku ngapi?”

Alifikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa swali la haki. “Mwaka,” akasema. “Labda miwili.”

“Na mimi nitakuwa nimekufa yote miwili. Na wewe pia, Mwinyi. Fundi huyu amepima.”

Nikatoa futi, nikaeleza: nyonga hizi, shingo hii, tofauti hii. Nilieleza kama ninavyoeleza kwa mteja ambaye kitambaa chake hakitoshi, bila kumwaibisha. Mwinyi hakubisha. Alisema tu kwamba sheria haimruhusu kumsamehe aliyepita katika pete yake. Bi Siwema akasema hakuja kuomba msamaha, kwa kuwa hakukosa. Alisema kauli ya mwungwana haipimwi. Aliyeweza kutangaza kinywa kikubwa bila mtu kumwuliza anaweza kutangaza kidogo bila mtu kumwuliza.

Mwinyi Kondo alitazama bakuli lake. “Nendeni nyumbani,” alisema. Bi Kidawa alitusindikiza mpaka nje akiwa amejiinamia, na yeye pia hakujua mumewe ataamua nini.

Siku nne zile zilipita kwa taabu. Nilimaliza kanzu. Niliifanya kola pana kama nilivyoagizwa, nikijua haitamsaidia mtu. Usiku Bi Siwema alikoroma na mimi nilikesha, jambo lililoniudhi.

Siku ya saba niliwekwa karibu na jukwaa na sindano mkononi, kanzu isije ikapasuka. Mabwana wote walikuwa wameketi kwa safu kufuata ukubwa wa pete. Bi Siwema aliletwa amepakwa mafuta ya ufuta kutoka utosini hadi unyayoni, kama ilivyo desturi, akalazwa juu ya ubao wa mteremko, miguu ikielekea mbele. Karani Vuai akasoma sheria. Ngoma zikapigwa, zikanyamaza. Mwinyi Kondo akainama juu ya ubao, akafungua kinywa.

Nilikiona kinywa kile mpaka ndani. Nilifumba macho. Nilipoyafungua, kinywa kilikuwa kimefungwa, na Mwinyi Kondo alikuwa amesimama wima, kanzu imelowa jasho. Alinyoosha mkono akaitwaa pete yake kutoka kwenye nguzo, peke yake, pete ambayo watu wanane waliileta. Akaiweka mbele ya mdomo wake watu wote waone. Ilianzia katikati ya paji la uso, ikaishia chini ya kidevu. Macho yake mawili yalikuwa ndani ya pete.

“Pete ni hii,” alisema, “na kinywa changu ni hiki.” Akakionesha kwa kidole. “Marehemu baba aliongeza, na mimi nikaongeza. Mama huyu hapiti kinywani mwangu. Nikimmeza tutakufa wote wawili, na mimi sitaki kufa. Karani, andika.”

Nilisikia mafuta yakidondoka kutoka kwenye ubao. Nikasema moyoni, sasa watacheka. Katika safu ya tatu bwana mmoja mnene alitoa pumzi, pumzi ndefu iliyopeperusha karatasi za Karani Vuai, akasema hata yake si kweli. Alikuwa na mchinja nyama wa kumeza wiki ijayo na alikuwa hajalala siku tisa. Alisema hivyo huku machozi yakimtoka. Wa pembeni yake akasema yake imezidi shibiri moja. Mwingine akasema shibiri mbili, akajiinamia. Pumzi zikawa zinatoka safu kwa safu, mpaka bendera zote za uwanja zikageuka upande mmoja. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja wao alikuwa akiiogopa karamu yake mwenyewe.

Bi Siwema alitaka kushuka kwenye ubao akateleza, kwa sababu ya mafuta. Watu walipomshika akawaponyoka mikononi, mara mbili, na hapo ndipo kicheko kilipotoka, na yeye ndiye aliyeanza. Bi Kidawa alivua kanga yake moja akamfunika, kanga ambayo ilimfunika Bi Siwema, ubao, na nusu ya jukwaa. Chini ya kanga ile nilimsikia mwenyeji wangu akicheka na kulia pamoja, na mimi nilikuwa nikifanya hayo hayo, sindano bado mkononi.

Msomaji asidhani sheria ilibadilishwa. Baraza lilikaa siku mbili. Nilipendekeza, kwa unyenyekevu, kwamba mabwana wapimwe kwa futi kama wanavyopimwa wengine, na wakasema hilo ni tusi. Kauli ya mwungwana ilibaki kutopimwa. Ila mabwana wote kumi na wanne walitangaza upya, kila mmoja pete ndogo kuliko ya jana, na kabla ya wiki kwisha walikuwa wameanza kushindana nani ana kinywa cha adabu zaidi. Bwana wa safu ya tatu alitangaza pete ya chungwa. Mhunzi alifanya kazi usiku na mchana, na wapambe wakatunga sifa mpya. Mimi sikulalamika. Upumbavu unaoniacha hai nausamehe.

Siku ya nne baada ya karamu, mchana, Karani Vuai alifika nyumbani na kitabu chake na mhunzi nyuma yake. Bi Siwema alikuwa jikoni, sufuria ya maharage motoni. Karani akamsalimu kwa neno ambalo hajawahi kumwambia, akamwita mwungwana. Akaeleza kwa adabu yake kwamba kwa kuwa sasa hapiti hata mabega katika pete ya mtu yeyote, yeye si riziki tena, na asiye riziki sharti atangaze kinywa chake na kutundika pete mlangoni. Akaongeza kwa sauti ya chini, kama rafiki, kwamba pete za mabwana zinaweza kukua tena, mambo hayo huenda na kurudi. Mwenye busara angeanza kukua mapema, apite kimo ambacho pete yoyote itaweza kumfikia.

Mlangoni walikuwa wamesimama wadogo wa jirani, sita, waliokuja kwa chakula chao cha mchana. Walikuwa wamesikia yote. Kwa jicho langu la ufundi, kinywa cha Bi Siwema kikifunguliwa sawasawa kingewapitisha wote sita, mmoja baada ya mwingine. Hawakukimbia, ila hawakuingia. Mmoja wao alikuwa ameshika bakuli tupu kifuani.

Bi Siwema aliwatazama. Aliwatazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nilimwona akimeza mate, na simlaumu. Hazikuwa zimepita siku nyingi tangu apakwe mafuta.

“Andika punje ya mtama,” alisema.

Karani Vuai akainua kalamu. Mhunzi akasema kwa heshima kwamba pete ya kiasi hicho haifuliki, na hata ikifulika haitaonekana mlangoni.

“Basi msitundike kitu.”

Karani alifungua kitabu cha sheria, akatafuta mwanzo hadi mwisho, akalowesha kidole, akatafuta tena. Hakikuwa na kosa la mtu kutangaza kinywa kidogo kuliko alicho nacho, kwa sababu walioandika kitabu hawakuwahi kulifikiria. Akaandika punje ya mtama, akapuliza wino, akaaga. Bi Siwema alichukua ufagio akatoa utando wa buibui juu ya mlango, pale ambapo pete ingekaa, kisha akateremsha sufuria.

Wadogo waliingia mmoja mmoja, wakakaa mkekani karibu naye, karibu kabisa na kinywa chake, wakaanza kumwuliza kama leo maharage yana nazi.